Mazoezi ya kuanzia ya kupiga kengele za kanisa kwa kubadilishana zamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Upigaji huu ni upi, na una tofauti gani na kengele ya parokia yetu?

Kengele ya parokia nyingi za Afrika Mashariki hupigwa ikiwa peke yake. Mtu anavuta kamba, kengele inayumba, ulimi unagonga, na waumini wanajua ibada imekaribia. Upigaji tunaouzungumzia hapa ulianzia Uingereza katika karne ya 17. Kengele huwa tano, sita, nane au zaidi, na kila moja ina mtu wake na kamba yake. Kila kengele imefungwa kwenye gurudumu zima na huzunguka duara kamili: inaanza mdomo ukiwa juu, inashuka, inapanda upande wa pili hadi mdomo unakuwa juu tena. Katika kila mzunguko inalia mara moja.

Zinaanza kwa kupigwa kuanzia nyembamba hadi nene: 1 2 3 4 5 6. Namba 1 ndiyo nyepesi na yenye sauti ya juu, namba ya mwisho ndiyo nzito. Mpangilio huo tutauita mteremko. Kisha kengele zinabadilishana zamu kwa utaratibu maalumu, mstari baada ya mstari, bila kurudia mstari wowote hadi zirudi kwenye mteremko.

Mbona hazipigi wimbo wa tenzi?

Kwa sababu ya uzito. Kengele ya kilo 400 ikishaanza kuzunguka huwezi kuisimamisha katikati. Unachoweza ni kuichelewesha kidogo inapofika juu, au kuiwahisha kidogo kwa kutoiacha ipande hadi mwisho. Ndiyo maana kengele husogea nafasi moja tu kwa mstari: iliyokuwa ya tatu inaweza kuwa ya pili, ya nne, au ikabaki ya tatu. Kwa sharti hilo wimbo hauwezekani, lakini hesabu ya kubadili mpangilio inawezekana, tena kwa wingi. Kengele 5 zina mistari 120, kengele 6 zina 720 (kama dakika 25 za kupiga), kengele 7 zina 5,040 (karibu saa tatu), na kengele 8 zina 40,320. Hiyo 40,320 ilipigwa yote mwaka 1963 huko Loughborough, Uingereza, na watu nane walewale bila kupumzishana, kwa muda wa karibu saa 18. Wewe utaanza na mistari 6.

Je, lazima nipate mnara kwanza?

Hapana. Nusu ya kazi iko kwenye sikio na kwenye kuhesabu, na hiyo unaifanya mezani nyumbani. Nusu nyingine, yaani kuimudu kamba, haina njia ya mkato: inahitaji kengele halisi na mwalimu aliyesimama karibu nawe. Mtu aliyefanya mazoezi ya mdundo kabla ya kugusa kamba hutambulika siku ya kwanza tu anapoingia kwenye mteremko. Anajua sauti yake inatakiwa itue wapi, hata kama mikono bado haijatii.

Anayeishi Uingereza ana bahati ya minara, maana kuna zaidi ya 5,000 yenye kengele za namna hii. Vikundi vingi hufanya mazoezi jioni moja kwa wiki na kupiga kabla ya ibada ya Jumapili. Vinapokea wageni, na kwa kawaida havitozi ada kubwa wala kuuliza dhehebu lako. Barani Afrika ipo michache, hasa Afrika Kusini (Cape Town, Durban, Johannesburg, Grahamstown) na Zimbabwe (Harare).

Ni mazoezi gani ya nyumbani yanayofaa zaidi?

La kwanza ni kuhesabu kwa sauti. Piga meza kwa kidole na uhesabu moja hadi sita, mara mbili, kisha nyamaza pigo moja:

moja mbili tatu nne tano sita
moja mbili tatu nne tano sita (kimya)

Mistari miwili ina mapigo 12, na kimya kimoja kinafanya 13. Kimya hicho huwekwa kila baada ya mistari miwili na ndicho kinachoupa upigaji huu pumzi yake. (Wapigaji wa kijadi wa Devon hawakiweki, lakini kwingineko utakikuta karibu kila mahali.) Kasi ya kweli kwa kengele sita ni kama sekunde mbili kwa mstari, yaani theluthi ya sekunde kati ya kengele na kengele. Ni haraka kuliko watu wanavyodhani. Anza na sekunde tatu kwa mstari, kisha kaza. Anayehesabu kwa Kiswahili ana nafuu: namba zote kuanzia moja hadi kumi zina silabi mbili, kwa hiyo hakuna namba inayovuta mdundo.

Ukishazoea, chagua nafasi moja, tuseme ya nne. Nyamaza kwenye namba zote na useme "nne" tu. Kama "nne" zako hazilingani, rudi kwenye kuhesabu zote.

La pili ni la watu sita mezani. Kila mmoja ashike kijiko na kitu chenye sauti yake: glasi, chupa yenye maji, sufuria ndogo, sufuria kubwa. Zipangeni kutoka sauti nyembamba hadi nene, kisha pigeni mteremko. Kosa la kwanza mtakaloliona ni kwamba watu husubiri kusikia aliye mbele ndipo wapige. Ukisubiri kusikia, umeshachelewa. Unatakiwa upige kwa mdundo ulio kichwani, sikio likukosoe kwa pigo linalofuata.

La tatu ni la kutembea, na vijana wa kwaya hulipenda. Watu watano wasimame kwa safu, kila mmoja na karatasi ya namba kifuani. Kofi la kwanza: aliye nafasi ya 1 abadilishane na wa 2, wa 3 na wa 4, wa 5 asimame. Kofi la pili: wa nafasi ya 1 asimame, wa 2 na wa 3 wabadilishane, wa 4 na wa 5 pia. Endeleeni kupokezana hatua hizo mbili. Kwenye kofi la kumi safu itarudi kama ilivyoanza. Mtakuwa mmecheza hanti, yaani mwendo wa kila mmoja kwenda nyuma ya safu na kurudi mbele, msingi wa karibu kila kitu kinachofuata, bila kuandika mstari hata mmoja.

Inahitaji nguvu?

Kidogo sana kuliko inavyoonekana. Kengele ya kujifunzia mara nyingi ina kilo 250 hadi 500, lakini ikiwa imesimama mdomo juu, msukumo mdogo unatosha kuiondoa, na uzito wake wenyewe unafanya kazi iliyobaki. Anayetoka jasho anapigana na kengele. Watoto wa miaka kumi na wazee wa miaka themanini hupiga bila shida.

Sehemu gani nizijue kabla ya kushika kamba?

Juu mnarani kuna fremu, gurudumu, ulimi wa kengele na kizuizi. Kizuizi ni kipande cha mti wa aina ya ash, kilichofungwa kwenye boriti inayobeba kengele. Kazi yake ni kuishikilia kengele ikiwa imesimama mdomo juu, ikiegemea kidogo tu kupita ncha ya mizani, yaani pale inapoweza kusimama bila kuangukia upande wowote. Kimetengenezwa kivunjike kabla ya vitu vya gharama.

Chini kuna kamba yenye sehemu mbili za kushika. Shungi ni ile sehemu nene ya sufu, kwa kawaida ya rangi mbili au tatu, ipatayo urefu wa mkono. Mkia ni mwisho wa kamba uliokunjwa. Kamba inazunguka gurudumu upande mmoja kisha mwingine, kwa hiyo kila mzunguko wa kwenda na kurudi una mapigo mawili: pigo la shungi, ambapo shungi liko mbele ya uso wako na unalivuta, na pigo la mkia, ambapo shungi limepaa kuelekea darini na umebaki na mkia tu, mikono juu.

Kanuni ya kwanza ya mnara: usiguse kamba yoyote usiyoambiwa uiguse. Ukiwa chini huwezi kujua kwa macho kama kengele iko mdomo juu au chini, na iliyo juu ikichokozwa inaweza kumnyanyua mtu mzima.

Masomo ya kwanza ya kamba yanaendaje?

Mwalimu mzuri anakugawia mapigo hayo mawili, wala hakupi yote siku moja.

Pigo la mkia peke yake. Mwalimu anashika shungi, wewe unashika mkia kwa mikono miwili, mkono juu ya mkono, vidole vimegusana. Simama miguu ikiwa upana wa mabega. Acha kamba ikunyooshe mikono hadi juu kabisa, kisha ivute chini kwa mstari mmoja mbele ya mwili mpaka mikono ipite kiuno. Iache ipande tena. Fanya mara kumi kumi. Kinachotafutwa ni mvuto mrefu na laini. Mvuto mfupi wa ghafla hadi kifuani ndio ugonjwa wa wanaoanza, na ukizoeleka unachukua wiki kuuondoa.

Pigo la shungi peke yake. Sasa mwalimu ana mkia. Unalidaka shungi linaposhuka kisha kuanza kupanda, mikono ikiwa karibu na usawa wa uso. Unaliacha likupandishe mikono kidogo, unavuta chini, unaliachia likifika karibu na kiuno. Kuachia ndilo somo lenyewe. Ukiachia mapema, kengele inakosa nguvu na haifiki juu. Ukichelewa kuachia, shungi linapaa na mikono yako. Liachie mikono yote miwili kwa wakati mmoja.

Kuunganisha. Anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida hubeba mkia kwa mkono wa kushoto muda wote, na kushika shungi kwa mikono yote miwili huku mkia ukiwa umebanwa chini ya kidole gumba. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, na si ajabu: mkono mmoja una kazi mbili. Wengi hufikia hatua ya kupiga bila kusaidiwa baada ya saa 10 hadi 15 za kufundishwa ana kwa ana. Masomo ya mfululizo, siku baada ya siku, yanazaa haraka kuliko dakika kumi kila wiki.

Kusimamisha. Usihesabiwe kuwa umejua kamba mpaka uweze kuisimamisha kengele kwa pigo la shungi na kwa pigo la mkia, unapoambiwa, bila kuigonga kwa nguvu kwenye kizuizi. Zoezi lake: piga mara mbili, simamisha, piga mara mbili, simamisha.

Kuipandisha kengele kutoka mdomo chini na kuishusha ni somo la baadaye. Lina kukunja kamba na kuikunjua, na halifai wiki ya kwanza.

Mambo gani huharibika, na kwa nini?

Kamba kulegea na kukurukia usoni: mkia ni mrefu mno mkononi, au unavuta upande badala ya chini. Shika mkia sentimita chache juu zaidi.

Kengele kutofika juu kwa pigo la mkia: umeshika mkia mfupi mno, kwa hiyo mikono inaishia njiani. Au umekunja viwiko. Nyoosha.

Kukosa shungi: umekuwa ukilitazama juu na kulifuata kwa macho. Tazama mbele. Shungi huja mahali palepale kila mara, mikono italikuta. Ukilikosa kabisa usilikimbilie. Vuta mkia tu, litarudi.

Kengele kugonga kizuizi kwa kishindo: umevuta kwa nguvu nyingi mno, mara nyingi ukijaribu kurekebisha pigo lililotangulia lililokuwa dhaifu. Usirekebishe kwa hasira, gawa marekebisho kwenye mapigo mawili matatu.

Kizuizi kuvunjika: utasikia mlio wa mti, kisha kamba itaanza kupaa bila kukoma kwa sababu hakuna tena kinachoizuia kengele kuendelea kuzunguka. Achia kamba yote papo hapo, rudi nyuma ukutani, nyamaza. Usijaribu kuiokoa. Watu wanaojeruhiwa ni wale waliong'ang'ania. Kizuizi kipya ni kazi ya fundi wa mnara, na si aibu kwako. Minara mingi huweka vya akiba.

Vua pete kubwa, mkufu mrefu na skafu. Mikono mirefu ya shati ikunje.

Tukianza kupiga pamoja, zoezi gani ni la kwanza?

Kengele mbili, halafu tatu. Msikimbilie sita. Kwa kengele mbili kila mtu anasikia kosa lake, kwa sita makosa hujificha.

Kisha lipo zoezi rahisi ambalo tunalipendekeza kuliko mengine yote: piga na simama. Wote wanapiga mteremko mara moja kwa shungi, mara moja kwa mkia, kisha kila mmoja anasimamisha kengele yake. Kimya. Kiongozi anauliza: nani alichelewa? Kwa kuwa ni mistari miwili tu, kila mtu anaikumbuka. Rudieni. Dakika kumi za hili zinafunza sikio kuliko nusu saa ya mteremko usiokatika, ambao baada ya dakika mbili hakuna anayeusikiliza tena.

Kila mtu apate pia mstari wa kufumba macho, au angalau kutazama sakafu. Aliyezoea kufuata kamba za wenzake kwa macho hushtuka hapa, na hasa anayepiga kengele nzito. Kengele nzito huchelewa kutoa sauti baada ya kuvutwa, kwa hiyo mpigaji wake hana budi kuanza kuvuta mapema kuliko macho yanavyomwambia.

Sauti yangu iko sawa kwa mkia lakini inachelewa kwa shungi. Nini tatizo?

Kumbuka kile kimya cha pigo moja. Kwa kengele sita, toka pigo lako la shungi hadi la mkia kuna hatua 6 (hatua ni muda kati ya kengele na kengele), lakini toka mkia hadi shungi kuna hatua 7. Kengele inatakiwa ikae kidogo zaidi juu shungi likiwa mkononi mwako. Anayechelewa kwa shungi kwa kawaida ameiacha ipande hadi ikasinzia kwenye ncha ya mizani, na kuiamsha kunachukua muda. Anayewahi hakuiacha ipande vya kutosha. Tibu pigo lililotangulia: muda wa pigo la shungi unaamuliwa na namna ulivyovuta mkia.

Kubadili kasi kunafanyikaje? Kengele yangu ina mwendo wake.

Hili ndilo tundu la sindano. Wengi huanza kujifunza namba kabla ya kulipita, kisha wanashangaa mbona namba zinajulikana na sauti ni fujo.

Kwa kengele sita, ukikaa nafasi moja unapiga kila baada ya hatua 6. Ukisogea kwenda nyuma ya safu, nafasi moja kila mstari, unapiga kila baada ya hatua 7. Ukirudi mbele, kila baada ya hatua 5. Tofauti ya 7 na 5 ni kubwa: ni karibu theluthi mbili za sekunde kwa kila pigo.

Ili kupunguza mwendo, iache kengele ipande hadi karibu na ncha, mikono ikinyooka kabisa, na ishikilie pale kwa uzito mdogo wa mikono. Ili kuongeza mwendo, shika mkia sentimita tano au zaidi juu ya ulipokuwa umeshika, daka shungi juu zaidi, na usiiache kengele ifike juu. Kuvuta kwa nguvu hakuongezi mwendo. Kunaipeleka juu zaidi na hivyo kuichelewesha. Hilo linapingana na silika ya mwili, ndiyo maana linataka mazoezi.

Zoezi lake peke yako, ukiwa na mwalimu: mapigo manne ya polepole, manne ya kawaida, manne ya haraka, mwalimu akiita. Anaposema "haraka", pigo lijalo tayari liwe la haraka. Mwanzoni litakuwa la tatu.

Mabadiliko ya kuitwa ni nini?

Kiongozi anaita kengele mbili zibadilishane, na mpangilio mpya unaendelea hadi aite tena. Ni daraja kati ya mteremko na hanti. Mfano wa kengele sita, kwa miito mitatu:

123456
"Mbili fuata tatu": 132456
"Nne fuata tano": 132546
"Mbili fuata tano": 135246

Mpangilio wa mwisho unapendwa sana: namba witiri zinashuka, kisha shufwa zinashuka.

Angalia mwito wa kwanza. Wanaohusika ni watatu, si wawili. Namba 2 sasa inaifuata 3. Namba 3 inaifuata 1. Na namba 4, ambayo haikutajwa, inaifuata 2. Huyu wa nne ndiye anayesahaulika. Zoezi la mezani: kiongozi aite, na kila mtu aseme kwa sauti anamfuata nani kabla ya kupiga.

Nianzeje hanti?

Kwa kengele tatu. Mistari sita inamaliza kila kinachowezekana:

123
213
231
321
312
132
123

Chukua kalamu, unganisha namba 1 zote kwa mstari mmoja toka juu hadi chini. Fanya hivyo kwa namba 2 kwa rangi nyingine. Utaona njia ni ileile, zimeanzia tu mahali tofauti. Njia hiyo ndiyo unayoikariri. Namba zenyewe ziache.

Kisha tano, namba 6 ikibaki nyuma muda wote kama nguzo:

12345
21435
24153
42513
45231
54321
53412
35142
31524
13254
12345

Sema nafasi zako kwa sauti huku ukipiga meza. Namba 1 itasema: moja, mbili, tatu, nne, tano, tano, nne, tatu, mbili, moja, moja. Mbele unapiga mara mbili, nyuma unapiga mara mbili. Ukifika nyuma usigeuke baada ya pigo moja, hapo ndipo hanti nyingi za wanaoanza hufia.

Nimekariri ninayemfuata kila mstari, lakini nikishika kamba napotea.

Umekariri kitu kisicho sahihi. Namba 1 kwenye hanti ya tano inamfuata 2, 4, 5, 3, kisha tena 2, 4, 5, 3, halafu inaongoza mara mbili. Orodha hiyo ni kweli na inasaidia, lakini mtu mmoja akikosea inavunjika na huna pa kushika. Anayehesabu nafasi zake anaendelea hata wenzake wakikosea: anajua yuko wa nne, anatia sauti yake ya nne, na wengine wanajipanga upya kumzunguka.

Kuna ujuzi wa tatu unaokuja wenyewe: jicho la kamba. Kati ya kamba tano zinazopanda na kushuka, unaanza kuona ni ipi inayoshuka kabla tu ya yako. Kuuchochea, kaa pembeni wakati wengine wanapiga, chagua kengele moja, na useme kwa sauti nani anaifuata nani. Fanya hivyo jioni nzima kama lazima. Kukaa kitini na kutazama ni mazoezi kamili, ingawa wengi hutumia muda huo kwenye simu.

Kabla ya methodi (utaratibu maalumu wa kubadilishana zamu), kuna cha katikati?

Zoezi la jozi. Wewe na jirani mnabadilishana nafasi tu, wengine wakikaa walipo. Hatua ya kwanza, kila mmoja anakaa mapigo manne kabla ya kubadilishana. Hatua ya pili, mapigo mawili. Hatua ya tatu, pigo moja moja, mbele nyuma, mbele nyuma. Hiyo huitwa doji. Doji ndiyo inayokutana nawe katika methodi ya kwanza ambayo karibu kila mtu hufundishwa, Plain Bob, kwa hiyo ukiifika huko mkono wako utakuwa umeshaijua.

Shida ya doji ni mwendo: pigo la polepole linafuatwa mara moja na la haraka. Rudi kwenye zoezi la mwendo ukiona sauti zinabanana.

Kompyuta inasaidia?

Sana, kwa mambo mawili. Kwanza, mnara unaweza kufunga ulimi wa kengele usigonge na kuweka kihisi kwenye fremu. Kompyuta inatoa sauti ndani ya chumba tu, na inapiga kengele nyingine zote bila kukosea. Unapata wenzako wasiochoka, na majirani wanalala. Programu kama Abel na Beltower hupima pia umechelewa au umewahi kwa kiasi gani.

Pili, tovuti ya bure ya Ringing Room, iliyoanzishwa mwaka 2020 wakati wa Korona. Watu walio miji tofauti wanapiga pamoja kwa kibodi. Haitafundisha kamba, lakini hanti na jozi zinafundishika vizuri, hata ukiwa Dodoma na mwenzako Leeds. Tumieni vitufe viwili, F na J, ili kila mmoja abebe kengele mbili, mkiwa tayari. Tahadhari moja: mtandao ukisuasua sauti zinachelewa, basi usijilaumu kwa kila kosa.

Na kengele za mkononi?

Zinatumia mistari ileile, na kwa kawaida kila mtu hushika mbili. Kwa kichwa ni ngumu kuliko mnara maana unafuata njia mbili kwa pamoja. Anza na watu watatu, kengele sita, mteremko tu. Kikundi kisicho na mnara kinaweza kuishi kwa hizi miaka mingi.

Nitajuaje kwamba niko tayari kwa hatua inayofuata?

Chama cha walimu wa upigaji nchini Uingereza kina mpango wa ngazi tano: kumudu kamba, stadi za msingi kama kuongeza na kupunguza mwendo, hanti, utangulizi wa methodi, kisha Plain Bob. Lakini kipimo cha kawaida mnarani ni rahisi zaidi. Uko tayari kwa hanti ukiweza kupiga mteremko dakika tano, kwenye nafasi yoyote, huku ukijibu swali la mwalimu bila sauti yako kuhama. Kama ukisemeshwa unapoteza shungi, bado kamba inakula akili yako yote, na hakuna nafasi iliyobaki ya kuhesabu.